Kifo Kisicho na Mwenyewe

Majini ya watu wengine huja na kisulisuli, au na paka asiyejulikana wa nani, au na mwanamke mzuri ambaye ukimtazama miguu unajuta. Hili lilikuja na nguo za kufua.

Ilikuwa asubuhi, na mke wa Koplo alikuwa anampigia mumewe pasi shati la kazi. Kota nzima ya askari ilimwita Fundi, kwa sababu cherehani yake ilikaa pale sebuleni na hapakuwa na mke wa askari ambaye hajashonewa naye. Shati alilifua mwenyewe, akalianua mwenyewe. Pasi ilipogusa ukosi ikapanda harufu ya rangi. Si rangi ya ukuta; rangi ya gari, ile inayochanganywa na thina, inayopasua pua na kumtoa mtu machozi kabla hajajua analia nini.

"Koplo, jana ulipita gereji?"

"Gereji kutafuta nini?" Mumewe alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Shati linanuka rangi."

"Wewe na pua yako! Ungeajiriwa mbwa wa kikosi ungepanda cheo kabla yangu."

Fundi akacheka, akalitumbukiza shati kwenye beseni na kumtolea jingine kabatini. Nalo likanuka.

"Si shati, Mama," ikasema sauti chini ya meza. Alikuwa binti yao, aliyekaa katikati ya vipande vya vitambaa. Walimwita Chiriku, kwani tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza; aliongea na vifungo, aliongea na sindano, aliiaga ndizi kabla ya kuila. "Ni yule kaka."

"Kaka gani?"

"Anayepaka mlango wetu."

Fundi akautazama mlango. Ulikuwa mkavu, wa kahawia iliyochuja, umebanduka pembeni. Koplo naye aliutazama, na mkewe akaona kwamba anautazama kwa muda mrefu kuliko mlango mkavu unavyostahili.

Sasa, tuseme kilichotangulia, maana jini halina mazoea ya kuja bila sababu, hata kama watu wana mazoea ya kusahau sababu.

Koplo na wenzake walikuwa wamemfukuza mwizi wa simu hadi kwenye uchochoro wa mafundi magari. Mwizi akapotea. Katika gereji moja kijana mmoja alikuwa anapulizia mlango wa gari rangi ya buluu, barakoa usoni, masikio yamejaa mngurumo wa kompresa. Aliposikia kelele nyuma yake akageuka, na pampu ya rangi mkononi, yenye mpini na kifyatulio kama bastola. Hakuwahi kuuliza kuna nini.

Kikosi kile kilikuwa na desturi yake, isiyofundishwa chuoni wala kuandikwa popote. Wenyewe waliiita kugawana moto. Mtu akianguka, kila mwenye bunduki hufyatua yake, hata kama ni angani, hata kama ni mchangani, ili zote ziwe na joto, zote zinuke baruti, na atakayekuja kuuliza ni ipi aambiwe ni zote. Na kwa hesabu ya pale, zote maana yake si hata moja. Siku ile uchochoroni moto uligawanywa vizuri sana. Kijana alikuwa ameshalala chini, na wenzake Koplo walikuwa bado wanaupiga risasi mchanga na mawingu.

Mama wa marehemu akaenda mahakamani. Akapanda ngazi zile hadi walinzi wakazoea salamu yake. Na siku ya kabla ya shati kunuka, hakimu alisoma uamuzi: ofisa wa polisi aliyetumia nguvu akiwa kazini, kwa nia njema, anakingwa na sheria, hashtakiwi, hadaiwi, shauri limefutwa. Fundi alikuwepo, benchi la nyuma, amevaa gauni lake la sherehe. Aliuona mgongo wa yule mama ukisimama.

"Basi, mheshimiwa," mgongo ule ulisema, "nani atajibu?"

Hakimu alikuwa anakusanya miwani yake. Fundi akamshukuru Mungu, na hakujiuliza anamshukuru kwa lipi.

Jioni kota ilinuka nyama na shangwe. Dereva wa kikosi, jirani yao wa mlango unaofuata, mtu wa maneno, aliinua chupa ya soda. "Jamani, chanjo ya surua huisha nguvu! Hii aliyochanjwa Koplo ni ya maisha!" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Koplo naye alicheka, akanywa, akalala fofofo. Kulipokucha, mkewe akawasha pasi.

*

Baada ya shati ikaja sauti. Saa za mchana, jua likiwa utosini na wanaume wa zamu wamelala, Fundi alisikia darini kitu kama pumzi ya nyoka mvivu: shiii, kikanyamaza, shiii, kikanyamaza. Alisimamisha cherehani kusikiliza, na kitu kikasimama naye. Akikanyaga cherehani, nacho kinaendelea. Kisha zikaja alama. Alikuwa amekata sare za wanafunzi, nyeupe pee, akazikunja. Alipozikunjua, kila shati lilikuwa na vidole vya buluu begani, vibichi, kana kwamba kuna mtu aliyepita akiwashika watoto wale mmoja mmoja bega, akiwageuza awatazame nyuso.

Kwenye bomba la maji alikutana na mke wa Dereva. Yule alikuwa na mapacha, na wote walimwita Mama Pacha. Kwa kawaida sauti yake ilitangulia ndoo yake. Siku hiyo alinong'ona.

"Shoga, kwako salama?"

"Salama. Kwako?"

"Salama tu." Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Kuna panya."

"Panya wa aina gani?"

"Wa kupuliza."

Maji yakafurika ndoo, hakuna aliyefunga bomba.

"Kinagonga mlango," Mama Pacha akasema, midomo haitikisiki. "Mchana. Mume wangu anasimama nyuma ya mlango anakiambia, 'Si mimi.' Basi, kinaondoka, kinakwenda nyumba inayofuata."

"Na huko?"

"Huko nako wanakiambia hivyo hivyo. Kwani wewe husikii? Au nyinyi mnarukwa kwenye foleni?"

Fundi hakuwa amesikia, kwa kuwa hakuwa amejua cha kusikiliza. Lakini mambo ya aina hii ukishaonyeshwa, huyaoni tena kama zamani. Mchana uliofuata aliisimamisha cherehani, akakaa mikono mapajani, Koplo amelala chumbani, Chiriku chini ya meza akiufundisha uzi mwekundu tabia njema, na kutoka mwisho wa safu ya nyumba, kule kwa askari kijana aliyeoa juzi, akasikia vidole vikigonga mbao, taratibu, kwa adabu kama mgeni aliyelelewa vizuri, na sauti ya mwanamume ikisema, "Si mimi," kisha kimya, kisha mlango wa pili, na sauti nyingine, nzito zaidi, "Si mimi," na hatua hakuna, mchanga haulii, kivuli hakipiti dirishani, ila harufu ile inasogea, inasogea, inakata kooni, na sasa ni kwa Dereva, mtu wa maneno, ambaye leo maneno yake yote yamebaki mawili, "Si mimi, si mimi, si mimi," anayarudia hata baada ya kugonga kwisha, na Mama Pacha ndani analia ameuma kanga, na Fundi anajua kwamba baina ya mlango ule na wake hakuna mlango mwingine.

Ngo, ngo, ngo.

Koplo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, fulana tupu. Mkewe hakumsikia akiamka.

"Si mimi," Koplo akasema.

Lakini alichelewa. Kidogo tu, kama mtu anayemeza mate kwanza. Wengine wote walikuwa wamejibu upesi.

Kilichokuwa nje hakikuondoka.

Na Chiriku, mtoto aliyefunzwa na mama yake kwamba mgeni akigonga haachwi juani, akasema kutoka chini ya meza kwa sauti yake safi: "Karibu."

*

Huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno yake. Jioni hiyo hakuiaga ndizi. Kesho yake hakuisalimu sindano. Alikaa anatazama mlango, na akivuta pumzi ilitoka shiii, ikakatika, ikatoka tena. Kucha zake zikaanza kubadilika. Kwanza Fundi alidhani ni chaki, akazisugua kwa limau, akazisugua kwa mchanga, hadi mtoto akaanza kutokwa damu pembeni na katikati ikabaki buluu.

Hospitali daktari alizitazama picha za kifua mara mbilimbili. "Mama, mtoto anacheza karibu na gereji?"

"Hapana, dokta."

"Baba ni fundi rangi?"

"Baba ni askari."

"Haya ni mapafu ya mtu aliyepulizia magari miaka na miaka." Alizungumza polepole, kama anayeona aibu. "Sijui niwaambie nini. Yakiendelea kujaa hivi, hatavuta pumzi."

Ndipo Mama Pacha akamleta Mama Ubani, mganga wa majini. Msidhani aliingia kizee kilichopinda chenye hirizi hadi magotini. Aliingia mwanamke wa makamo, mnene, mkoba mkubwa wa ngozi begani na miwani imening'inia kifuani; ungedhani amekuja kukagua shule. Alivua viatu, akaketi sakafuni mbele ya Chiriku, akapiga kiberiti. Ilikuwa mchana, madirisha wazi.

"Wenye nyumba hawajambo," akasema. "Na asiyekuwa na nyumba, naye hajambo?"

Moshi wa ubani haukupanda. Ulishuka kama maji, ukatambaa sakafuni, ukaingia puani mwa mtoto. Chiriku akafumbua mdomo. Ufizi wake ulikuwa buluu.

"Nimezunguka nyumba zote." Haikuwa sauti ya kiume wala ya kike. Ilikuwa hewa inayotoka kwenye tundu dogo, na maneno yamo ndani yake kama vumbi. "Kila mmoja ananiambia si yeye."

"Wewe ndiye marehemu?"

"Marehemu amezikwa. Mimi nilizaliwa naye."

Mama Ubani akafumba macho kidogo. Kisha akamgeukia Fundi, akamweleza kwa utulivu wa mtu anayeeleza namna ya kumnywesha mtoto dawa. "Kila mtu huzaliwa na mwenziwe wa upande wa pili. Ukifa, mwenzio hungoja kifo chako kijibiwe. Maradhi yakijibu, yametosha. Uzee ukijibu, umetosha. Hata muuaji akisimama akasema ni mimi, inatosha; mwenzio hushika njia yake. Hiki kilikuwa na pa kungojea, mwanangu. Kilikuwa kinakaa kwenye kesi. Kila mama yule alipopanda ngazi, chenyewe kilikuwa kimetulia benchini pembeni yake, kinangoja. Mkaifunga kesi. Sasa mlitaka kikalale wapi?"

"Mimi silijui hilo," Koplo alisema. Alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, kama yuko kwenye gwaride. "Mimi nalindwa na sheria."

"Kumbe! Basi iite ije imsomee mtoto."

"Usinifanyie dhihaka, mama."

"Sina dhihaka, afande. Mahakamani inakulinda, sikatai. Ila hakimu hakumwandikia mwanao hati yoyote." Akavaa miwani. "Dawa yake mimi ninayo, na wala si ngumu. Aliyepiga aende kwa yule mama. Asimame mbele yake, mbele ya majirani, aseme: ni mimi. Asitaje amri, asitaje kikosi, asitaje nia. Kitakwenda zake kabla hajafunga mdomo."

"Tulipiga sote."

Kifua cha mtoto kikalia shiii, na buluu ikapanda kutoka kwenye kucha hadi kwenye viungo vya vidole, mbele ya macho yao, kama chai inavyopanda kwenye mkate.

"Baba Chiriku." Fundi alinong'ona, na ule mnong'ono uliuma kuliko kelele. "Wewe unajua. Wenzako walijibu haraka. Wewe ulimeza mate."

"Hamwelewi!" Naye akanong'ona, kwani kuta za kota ni nyembamba. "Wakili alinieleza vizuri. Kinga ni ya nia njema. Nikienda kule nikasema ni mimi, wataniuliza uliona nini. Na nikisema kwamba niliona ni pampu ya rangi..."

Alikuwa ameshasema.

"Uliona?" mkewe akauliza.

Nje mtu alikuwa anafagia. Ufagio ukapita mlangoni, ukaenda.

"Niliona. Kidole kilikuwa kimeshaanza safari," Koplo alisema. "Nikakiacha kifike."

Fundi akakumbuka gauni lake la sherehe, na shukrani zake. Lakini mtoto alikuwa anavuta pumzi ndogo na nyingine ndogo zaidi, na mama wa mtoto hana muda wa kujihukumu. Akapiga magoti, akaishika miguu ya mumewe, viatu vya kazi vilivyong'aa. "Nenda. Nakuomba. Tukafungwe wote, tukalale nje, tukaombe mitaani, lakini nenda. Ni maneno mawili."

"Yanatosha kuninyonga."

"Na mwanao je?"

Koplo akamtazama binti yake. Msimdhanie kwamba hakumpenda. Alimpenda kama macho yake, na hapo ndipo pabaya. Angalikuwa hampendi angalitoka nje akavuta sigara. Alimpenda, na alikuwa tayari kufanya lolote kwa ajili yake isipokuwa hilo moja. Watu wa namna hiyo huwa hawakosi ushujaa. Hutafuta ushujaa mwingine.

Akaanguka magoti, akamshika mtoto mashavu kwa mikono miwili. "Mwache huyu. Hana kosa. Njoo kwangu. Nichukue mimi."

"Usilikaribishe!" Mama Ubani akapiga ukelele, miwani ikamwanguka. "Mtoto ana watu wa kumuulizia, ndiyo maana nimeitwa! Wewe umeshafanywa mtu asiyeulizwa! Likiingia humo nani atalitoa? Kwa mlango upi?"

"Karibu," Koplo alisema.

Ikawa kama kompresa imezimwa: ndipo wote walipojua ilikuwa inapiga kelele kiasi gani. Harufu ikakatika. Moshi ukapanda juu kama moshi wa watu wengine. Chiriku akakohoa, akatema kitu cha buluu kwenye kiganja cha mama yake, kinene kama uji, akavuta pumzi ndefu, akatazama huku na huku.

"Mbona mmekaa kama mnapigwa picha? Mama, nina kiu. Na huyu shangazi mwenye miwani ni nani, na kwa nini miwani iko chini, nayo ina kiu?"

Fundi alilia hadi akacheka. Koplo alisimama taratibu, akajinyoosha, akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama anayejaribu glavu.

Mama Ubani alikuwa ameshaubeba mkoba. Alipofika nje akamvuta Fundi kwa kiwiko. "Mtoto wako ni mzima. Mchukue muondoke leo."

"Na mume wangu?"

"Mume gani?"

*

Fundi hakuondoka. Aende wapi? Kwao kulishajaa, na cherehani haibebeki kichwani. Zaidi ya hapo, hakuona cha kukimbia. Mwanamume aliyebaki ndani alikuwa mpole. Alifagia, yeye ambaye hapo zamani ufagio aliuruka. Alimsikiliza Chiriku tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoka, akimuuliza maswali ya maana kuhusu vifungo. Hakukoroma. Fundi alipoamka usiku alimkuta chali, macho wazi, amepumzika kabisa.

"Umemlisha nini?" wake wa askari walimtania bombani. "Tupe na sisi hiyo dawa!" Kugonga milango kulikuwa kumekoma; kota yote ilikuwa inalala mchana, na hakuna aliyetaka kujua ni kwa nini.

Hadi alasiri moja Dereva alipokuja, akaketi, akapewa maji, akayashika bila kuyanywa.

"Shemeji. Mumeo hagawi moto tena."

"Una maana gani?"

"Tulikuwa doria, kulekule kwenye uchochoro wa mafundi. Hapakuwa na lolote. Hapakuwa na mwizi, hapakuwa na kelele. Akageuka akampiga risasi mmoja wetu. Yule kijana aliyeoa juzi." Maji yalikuwa yanamwagika magotini mwake. "Sisi, unajua mazoea, mikono ikaenda kwenye bunduki, tukainua tupige juu. Akaniwekea kiganja kwenye mtutu. Akaniambia, 'Usiharibu risasi, ndugu yangu, hii haigawanywi.' Kisha akaenda katikati ya watu, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayelijua jibu. 'Ni mimi,' anasema. 'Nimemuua mimi. Nilimwona, na alikuwa hajanifanya kitu.' Watu wana simu, wanarekodi! Anawageukia ili wamchukue vizuri!"

"Hajakamatwa?"

"Yuko kazini."

"Amesema mwenyewe, mbele ya watu!"

"Shemeji, hata mke wa marehemu amepiga kelele hivyo hivyo kituoni. Mkuu kaandika ni ajali kazini, nia njema." Akasimama. Mtu wa maneno, na maneno yalikuwa yanamwisha. "Kesho zamu yangu ni naye. Nimeomba nibadilishiwe, wamekataa. Nisemee kwake. Mwambie... mwambie mimi nilipiga mchanga tu."

Fundi alisema. Jioni ile, mumewe akimenya ndizi, alimwambia kwamba Dereva alipiga mchanga tu.

"Najua," mumewe akajibu kwa upole, akamkatia Chiriku kipande. "Nilikuwepo."

Kesho yake adhuhuri kilio cha Mama Pacha kilisikika hadi barabara kuu.

Fundi hakwenda kumpa pole. Asingeweza kumtazama machoni. Alimwacha Chiriku kwa jirani, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa kikosi, akapita wote waliomzuia, akasema yote akiwa amesimama: rangi, milango, mtoto, pampu, kidole. Mkuu alisikiliza. Alikuwa mzee msafi, na kalamu zake zilikuwa zimepangwa. Akazipanga upya, moja moja, kwani naye siku ile uchochoroni alikuwepo, naye alikuwa ameipiga anga.

"Mfungeni," Fundi alisema. "Amekiri. Mna picha. Mfungeni leo kabla hajafika kwako, afande."

"Kwa kosa gani?"

"La kuua!"

"Mama, fikiri." Alisema hivyo kama anayeomba. "Nikimvua yeye kinga kwa sababu ameua mtu asiye na hatia, nimesema kwamba inavulika. Watakuja wote. Mama yule atakuja. Watakuja wa miaka ya nyuma, wa kila uchochoro. Nitabakiwa na askari gani?"

"Utabakiwa na askari gani sasa hivi?"

Mkuu akatazama dirishani, akajifuta jasho juu ya mdomo. "Hakuna kesi hapa," alisema. "Nenda nyumbani."

Akaenda, lakini akijua anachoendea: amchukue mtoto, wapande gari lolote la kwanza, cherehani ibaki. Alipofika kwa jirani hakumkuta Chiriku. Baba yake amekuja kumchukua, wakamwambia, tena kwa tabasamu. Siku hizi baba huyo anapenda mtoto, we acha tu.

Mlango wao ulikuwa wazi. Chiriku alikuwa amekaa mapajani mwa baba yake, anaongea, anaongea, anasimulia hadithi ya kifungo aliyepotea njia, na mwanamume yule alikuwa anamsikiliza huku akimsuka nywele, taratibu, kwa vidole ambavyo havikuwahi kujua kusuka. Bunduki ilikuwa imelala mezani, mahali pa mkasi. Fundi akasimama kizingitini na mikono yake ikajinyoosha yenyewe kumwelekea mtoto, na miguu ikakataa.

"Ulikwenda kunishtaki," mumewe alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. "Wamesemaje?"

"Wamesema hakuna kesi."

Yule akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni ambayo Fundi hakuwahi kuiona kwa mwanamume aliyemwoa. Akanyoosha mguu, akamsogezea kiti.

"Kaa, mke wangu. Upumzike. Hata mimi walinijibu hivyo."